Daftari la ardhi ya kijiji: taarifa za shamba lako ziko mikononi mwa nani?

Muulize mkulima wa Nyang'hwale au Msalala shamba lake linaishia wapi, naye atakupeleka akuonyeshe. Mstari wa minyaa, katani alizopanda babu, kichuguu, mkwaju mkubwa. Majirani wanaujua mpaka huo, mwenyekiti wa kitongoji anaujua, hata watoto wanaochunga ng'ombe wanaujua. Kwa miaka mingi ujuzi wa namna hiyo ulitosha. Unakwama pale anapokuja mgeni mwenye karatasi: kampuni inayotafuta dhahabu, mnunuzi wa viwanja kutoka mjini, mthamini wa mradi wa barabara, ofisa wa benki. Huyu haulizi mkwaju uko wapi. Anauliza maandishi.

Wasikilizaji wetu wengi wakituuliza habari za ardhi huuliza hivi: "Ofisi gani inatunza taarifa za shamba langu?" Jibu fupi ni kwamba hakuna ofisi moja. Sheria imeigawa kazi hiyo kwa watu kadhaa, na mwenye shamba ni mmoja wao. Mgawanyo huo una faida, kwa sababu mtu mmoja hawezi kufuta jina lako peke yake. Una hatari pia: kila mmoja anaweza kukaa akidhani mwenzake ameandika, kumbe hakuna aliyeandika.

Tuanze na tulikotoka

Maandishi ya ardhi katika ukanda wetu yamevurugika mara zaidi ya moja. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye maeneo yao ya asili na kuwaweka kwenye vijiji vipya, mara nyingi juu ya ardhi ambayo ukoo mwingine ulikuwa ukiilima. Wapo waliorudi kwenye mahame yao baadaye, wapo waliobaki. Yapo mashamba ambayo hadi leo yana hadithi mbili, ya aliyehamishwa na ya aliyegawiwa, na zote mbili ni za kweli.

Upande wa malisho kuna ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wazee wanaujua kwa jina la HASHI, ulianza 1986, na katika miaka kama kumi na mitano watu wa Shinyanga wakarudisha ngitili zinazokadiriwa kuzidi hekta 300,000. Nyingine za familia, nyingine za kijiji kizima. Mipaka yake ilikaa kichwani mwa wazee na katika makubaliano ya dagashida. Kwa utunzaji wa miti, utaratibu huo ulifanya kazi nzuri kuliko mipango mingi iliyotoka ofisini. Shida huja mzee anapofariki na ngitili ikawa haijaandikwa popote, halafu mtu akaingia na trekta.

Kisha kuna mipaka ya utawala yenyewe. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012 kwa kuunganisha vipande vya mikoa mitatu: Geita na Nyang'hwale zilitoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe zilitoka Shinyanga, na Chato ilitoka Kagera. Mafaili ya ardhi hayahami kwa kasi ya tangazo la serikali. Ukiwa na jalada la zamani kutoka eneo lililobadilisha mkoa au wilaya, uliza lilipokelewa wapi na lini. Usikubali jibu la "litakuwa limekwenda".

Sheria inamtaja nani

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 1, 2001, ndiyo inayohusu wengi wenu mnaotusoma. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndani ya kijiji, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kati ya 15 na 25. Halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni wewe na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea.

Halmashauri ya kijiji inatakiwa kuwa na daftari la ardhi ya kijiji. Anayelitunza kwa mujibu wa sheria ni mtendaji wa kijiji. Tunalisema hili wazi kwa sababu vijijini daftari huonekana kama la mwenyekiti, na mahali pengine linalala nyumbani kwake. Mwenyekiti huchaguliwa na huondoka. Mtendaji naye huhamishwa. Akihamishwa, daftari linapaswa kukabidhiwa kwa maandishi, na wajumbe washuhudie kurasa zilizojazwa ni ngapi. Kijiji kisichofanya makabidhiano hayo kinaweza kumpoteza mtendaji na daftari lake siku moja.

Wilayani kuna masjala ya ardhi inayohifadhi kumbukumbu za vijiji vyote vya wilaya hiyo. Hati ya haki miliki ya kimila, hii ambayo wengi tunaiita hati ya kimila, husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, husainiwa au kuwekwa dole gumba na mwenye shamba, kisha afisa ardhi wa wilaya huisaini, huipiga muhuri na kuisajili. Nakala moja unabaki nayo wewe, nyingine inakaa kijijini, nyingine wilayani. Nakala hizi tatu ndizo kinga yako. Nyumba ikiungua, kuna kijiji. Mchwa wakila masjala ya kijiji, kuna wilaya. Wilaya ikikosea herufi ya jina lako kwenye kompyuta, karatasi yako inawasahihisha.

Kabla hati hazijaanza kutolewa, kijiji hupitia hatua kadhaa: kukubaliana mipaka na vijiji jirani, kupata cheti cha ardhi ya kijiji, kupanga matumizi bora ya ardhi na kuandaa masjala, yaani chumba chenye usalama na kabati linalofungwa. Ndipo mashamba yanapimwa moja moja. Hatua ya mwisho, uhakiki, hutupa mashaka kuliko zote, kwa kuwa watu huiona ndogo na hawaendi. Kamati ya uhakiki ya kijiji ina wajumbe wasiozidi 9, na wasiopungua 4 kati yao ni wanawake. Hapo ndipo jina linapoandikwa "Masunga" badala ya "Masanja", mpaka unasogezwa mita kumi, na shamba la watu wawili linaandikwa la mmoja.

Huyo mmoja kwa kawaida ni mwanaume. Sheria zote mbili za ardhi za 1999 zinasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Kwetu Usukumani bado tunasikia kwamba "shamba ni la mzee". Mama anayelima shamba hilo kila masika aende kwenye uhakiki mwenyewe, aone jina lake likiandikwa pamoja na la mumewe. Asiletewe habari. Jina likikosekana, shida hujitokeza wakati wa msiba, kipindi ambacho hakuna anayetaka kusikia habari za madaftari.

Tukiwa kwenye msiba: madaftari mengi ya vijiji yamejaa majina ya marehemu. Shamba limerithiwa mara mbili, lakini ukurasani bado ni la babu. Mtendaji hawezi kujua kila kifo na kila kikao cha ukoo. Ndugu wanapomaliza mirathi wapeleke maandishi kijijini na kuomba ukurasa ubadilishwe. Sehemu hii ya kazi ni ya familia, na hakuna ofisi itakayoifanya kwa niaba yao.

Chini ya shamba kuna ramani nyingine

Shinyanga na Geita tuna jambo ambalo wakulima wa mikoa mingi hawalijui. Juu ya ardhi ileile kuna vitabu viwili. Kimoja ni cha ardhi, kinachosema nani analima. Kingine ni cha Tume ya Madini, kinachosema nani ana leseni ya kutafuta au kuchimba. Madini ni mali ya umma hata yakiwa chini ya mihogo yako, na leseni hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, si sheria ya ardhi. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania tu, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Basi mtu anaweza kuwa na leseni halali juu ya shamba lako na wewe ukawa hujamwona hata siku moja.

Leseni yake haifuti haki yako ya kutumia ardhi. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mmiliki halali kabla ya kuchimba karibu na nyumba au mahali penye mazao, na alipe fidia kwa uharibifu. Lakini ridhaa ya nani? Wachimbaji wa Rwamgasa, Nyarugusu na Masumbwe wanajua jinsi mambo yanavyokwenda duara likitoa mawe mazuri. Mwenye leseni ana mgawo wake, mwenye duara ana wake, na mwenye shamba ana mifuko yake. Kabla ya dhahabu mwenye shamba alikuwa mmoja. Baada ya dhahabu wanakuwa wanne, kila mmoja na shahidi wake. Aliyeandikwa kijijini miaka mitano kabla ya mfuko wa kwanza kutoka huwa na maneno machache sana ya kusema.

Bulyanhulu ni mfano ambao watu wazima wa Kahama hawajausahau. Katikati ya 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye eneo hilo kupisha mgodi mkubwa, ambao ulianza uzalishaji 2001. Ubishi ulichukua miaka mingi na ukafika hadi kwenye kitengo cha malalamiko cha taasisi za Benki ya Dunia. Mambo mengi yalibishaniwa, na moja lilikuwa la msingi kabisa: walioondolewa walikuwa wangapi, na nani kati yao alikuwa na nini. Pande zilitoa idadi zinazotofautiana kwa maelfu mengi. Kusingekuwa na nafasi ya ubishi mpana kiasi hicho kama kungekuwa na orodha moja, iliyoandikwa mapema na kutambuliwa na wote.

Kwa hiyo kijiji kilicho kwenye ukanda wa dhahabu kina kazi ya ziada. Leseni huandikwa kwa viwianishi, yaani namba za mahali ambazo GPS inazisoma. Halmashauri ya kijiji iombe ofisi ya madini ya mkoa iwaonyeshe leseni zilizoko ndani ya mipaka yao, kisha afisa ardhi awasaidie kulinganisha na mashamba yaliyo daftarini. Ni kazi ya mchana mmoja ikiwa daftari lipo. Kwa maoni yetu ingekuwa vizuri vitabu hivi viwili visomane vyenyewe, mwenye leseni asiingie kijijini kabla kijiji hakijapewa taarifa kwa maandishi. Hadi hapo, kijiji ndicho kinachopaswa kwenda kuuliza.

Kiwanja kimoja, wanunuzi wawili

Mjini mambo yana sura nyingine. Katoro, Kahama na Geita zimekua haraka kwa fedha za madini, na mashamba ya jana yamekuwa viwanja. Eneo la kijiji likitangazwa kuwa la mipango miji, linaweza kutoka kwenye ardhi ya kijiji na kuwa ardhi ya jumla. Kumbukumbu zake zinahamia halmashauri ya mji na kwa Msajili wa Hati. Katika kipindi hicho cha kuhama, daftari la kijiji limeshaanza kupuuzwa na mchoro mpya haujakamilika. Matapeli wanakipenda sana kipindi hicho. Kiwanja kinauzwa asubuhi kwa mhuri wa mtaa na jioni kwa mhuri wa kijiji kilichokwishafutwa.

Ukitaka kununua, anza kwa kuuliza eneo hilo leo ni ardhi ya kijiji au ya mji. Kama ni ya kijiji, uuzaji wa haki ya kimila unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na ridhaa hiyo huonekana kwenye muhtasari wa kikao. Sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji peke yake haitoshi. Omba kuona ukurasa wa daftari wenye jina la muuzaji, na tembea mpaka pamoja na majirani wa pande zote nne. Kama kiwanja kina hati, kafanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa kabla ya kutoa fedha. Ofisi hizo zimefunguliwa katika kila mkoa wa Bara tangu 2020, hivyo mtu wa Shinyanga au Geita halazimiki tena kusafiri hadi ofisi ya kanda kwa huduma nyingi. Uliza pia kama muuzaji ana mwenza, na kama mwenza ameridhia. Nyumba ya familia haiuzwi na mmoja.

Dalali anaweza kujua mengi kuliko ofisi, hilo hatulikatai. Ila anachojua hakijaandikwa popote, na siku ya kesi simu yake haipatikani.

Nakala ya hati yako iko kwenye simu ya nani?

Upande huu wa taarifa za ardhi hauzungumzwi sana. Ili upimiwe shamba unatoa jina, namba ya NIDA, namba ya simu, picha, alama ya kidole, majina ya mwenza na watoto. Ili uthaminiwe kwa ajili ya fidia, unapigwa picha ukiwa umeshika kibao cha namba mbele ya nyumba yako. Taarifa hizi zikitapakaa zinaweza kutumika kukopa kwa jina lako, kughushi mauziano, au kumwelekeza mwizi kwa mzee aliyelipwa fidia juzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo inayoisimamia. Inazihusu taasisi za umma na za binafsi. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anazichukua kwa kazi gani, azitumie kwa kazi hiyo, azitunze salama, na akuruhusu kuziona na kuomba zisahihishwe. Kampuni inayouza viwanja, mpima binafsi na halmashauri wamo humo, na hata ofisi ya kijiji haiwezi kusema hilo haliihusu.

Sasa kuna watakaouliza: kama daftari ni la wazi, siri iko wapi? Hapa lazima kutenganisha. Jina la mwenye shamba na mpaka wake vinapaswa kujulikana, kwani usiri wa mipaka unamsaidia mdanganyifu. Namba ya NIDA, simu, alama za vidole na kiasi cha fidia havimhusu jirani. Mtendaji anaweza kukuonyesha ukurasa bila kukuruhusu upige picha kila kilichomo. Orodha ya fidia iliyobandikwa ukutani ikiwa na majina ni uwazi. Orodha hiyohiyo ikiwa na namba za simu na akaunti za benki ni uzembe.

Wewe nawe una sehemu yako. Usimtumie dalali picha ya hati nzima kwa WhatsApp "akamwonyeshe mteja". Mteja akaione mkononi mwako. Ukitoa nakala kwenye duka la stesheni, ondoka na nakala zote, pamoja na ile iliyotoka vibaya, na kama ilitumwa kwenye kompyuta yao omba ifutwe ukiwa umesimama pale. Ukimpa mtu nakala ya kitambulisho kwa ajili ya mauziano, andika juu yake kwa kalamu tarehe na kazi yake: "kwa ajili ya kuuza shamba la kitongoji fulani". Nakala hiyo itakuwa ngumu kutumiwa mahali pengine.

Simu zimeingia

Katika Wilaya ya Iringa, kuanzia kijiji cha Ilalasimba, mashamba yalipimwa kwa simu janja katika majaribio yaliyoanza mwaka 2014. Vijana wa kijiji walifundishwa kutembea mpaka na mwenye shamba akiwa na majirani zake, simu ikarekodi pembe za shamba na majina. Gharama na muda vilipungua. Njia za namna hiyo zimeenea tangu hapo, na serikali inaendelea kuhamishia kumbukumbu za ardhi kwenye mfumo wa kompyuta. Mwenye kiwanja chenye hati anaweza sasa kufuatilia pango la ardhi kupitia menyu ya huduma za serikali ya *152*00#.

Simu hupima haraka, lakini haijui kama jina ni la kweli. Kinachotakiwa kuhakikiwa ni kilekile cha zamani: wahusika wote walikuwepo, majirani walikubali, mama aliandikwa, orodha ilisomwa hadharani na waliokosewa wakapewa muda wa kusema. Wapima wakija kijijini kwenu na vishikwambi, waulizeni kabla hawajaanza: data ikitoka hapa inakwenda wapi, nani atabaki na nakala, na kijiji kitapewa nini mkononi? Kijiji kisibaki bila orodha iliyochapishwa na kusainiwa.

Mambo yakiharibika

Ukikuta jina lako limekosewa au limefutwa, anza kwa mtendaji, kwa barua, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Mgogoro wa mpaka au umiliki unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Suala la taarifa binafsi kusambazwa linapelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Usisubiri muda mrefu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na siku hizo zinahesabiwa kwa tarehe. Barua yenye mhuri, muhtasari wa kikao au ukurasa wa daftari una tarehe. Mkwaju hauna.